Chumba Kisicho na Pamba

Vijana wa karakana mmeniomba niandike habari za miaka yangu kazini, na katibu wenu akanipa daftari jipya pamoja na mfano wa namna ya kuandika. Mfano wenyewe unaanza na cheo, unaendelea na cheo, unamalizika na cheo. Niliutumia kuwashia moto jikoni. Vyeo vyangu vimo kwenye faili ofisini, mwenye hamu navyo akavisome huko. Mimi nitaandika habari za betri, kwa sababu nimekaa na betri saa nyingi kuliko nilivyokaa na mume wangu, na mwenyewe analijua hilo.

Niliingia jinari mwishoni mwa miaka ya sitini, mtoto wangu wa kwanza, Kabula, akiwa bado mgongoni. Ndiyo maana hata mameneja waliniita Mama Kabula. Kwa asiyejua, jinari ni kiwanda cha kuchambua pamba. Mkulima wa Kishapu analeta pamba yenye mbegu, mashine inatoa mbegu, nyuzi zinashindiliwa kuwa marobota. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia manyoya ya pamba. Ukifagia huku, yanatua kule. Nilifagia msimu mzima na sikuwahi kuiona sakafu.

Msimu wa pili yakaja matrekta ya umeme. Msifikirie trekta la kulimia. Haya yalikuwa mafupi, yana magurudumu ya mpira na kiti kimoja, na kazi yake ilikuwa kuvuta matela ya marobota kutoka kwenye mashine ya kushindilia mpaka ghalani. Trekta la dizeli hutema cheche kwenye bomba la moshi, na cheche haitakiwi popote penye pamba. Haya hayakuwa na moshi wala kelele. Mama mmoja aliyeleta pamba yake aliona moja linapita kimya nyuma yake na mzigo wa marobota sita, akaacha gunia palepale akaondoka. Alirudi siku ya tatu na mumewe.

Chini ya kiti cha kila trekta kulikuwa na sanduku la betri nzito za risasi na asidi, na betri hizo zilihitaji mtu wa kuzichaji na kuzitunza. Mtu huyo alikuwa Fundi Velji. Familia yake ilikuwa na duka la vipuri mjini Shinyanga, lakini yeye alisema kaunta inamuumiza mgongo, akaja kwetu kubeba betri. Alitaka msaidizi. Alitupanga wafagiaji wote mstari mmoja, akampa kila mtu kopo la maji na chupa ya soda, akatuambia tujaze chupa bila kumwaga tone. Wanaume walijaza haraka na kulowesha viatu. Mimi nilichukua muda mrefu hata mmoja akaniuliza kama nimelala.

"Wewe," Fundi akanionyesha kidole. "Kesho uje bila pete, bila bangili."

Wiki ya kwanza nilikwenda na kitenge changu kizuri, kwa kuwa nilidhani nimepandishwa. Nilipokifua Jumamosi kilitoka kama wavu wa kuvulia furu. Asidi haichomi nguo papo hapo. Inakaa kimya, ukifua ndipo unaona matundu. Fundi alivaa sweta la sufu, katika joto la Shinyanga, na kiwanda kizima kilimcheka. Nikaja kuelewa kwamba asidi hula pamba upesi kuliko inavyokula sufu. Nikanunua sweta la mtumba, nikachekwa na mimi.

Alinifundisha mambo machache na aliyarudia mpaka nikayasema usingizini. Ukichanganya, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, polepole. Ukimimina maji ndani ya asidi itakurukia usoni. Zima chaja kwanza ndipo uondoe waya. Spana ifungwe mpira kwenye mpini, isije ikagusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja. Ongeza maji baada ya kuchaji, usiongeze kabla, kwa sababu betri ikichajiwa maji yake hupanda na yatafurika. Na yasiwe maji ya kisima chetu, ambayo hata chai yake ina ladha ya chumvi. Tulikinga mvua kwenye mabeseni katikati ya uwanja, mbali na bati, na kiangazi Fundi alichemsha maji kwenye sufuria akakusanya matone ya mvuke kwenye mfuniko. Mlangoni palikaa pipa la maji safi, na kando yake ndoo ya magadi. Magadi yaleyale mnayopikia maharage huua asidi iliyomwagika sakafuni. Ila kwenye jicho usiweke magadi, weka maji, maji mengi, na usihesabu.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa hewa. Betri ikikaribia kujaa inachemka, utasikia viputo, na inatoa hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo ikikutana na moto inalipuka. Kwa hiyo madirisha yalikuwa wazi saa zote, na moto haukuingia.

Hapo ndipo tulipokosana na watu. Jinari nzima ilipigwa marufuku kuvuta sigara, na mlinzi aliwapekua wanaume viberiti karibu na marobota. Chumba chetu kilijengwa mwisho wa uwanja, sakafu ya saruji, kuta tupu. Wavutaji walikitazama wakaona kimbilio. "Hapa hakuna pamba," walisema, "kitaungua nini?" Walikuwa watu makini, watu ambao wasingewasha njiti hatua hamsini kutoka kwenye robota, na walikuja kuwashia sigara juu ya betri inayochemka. Mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa moto ni hatari kwa pamba, mahali pasipo na pamba anajiona salama.

Fundi alitunga sheria yake: mlangoni kwetu salamu inasubiri. Kwanza uonyeshe mikono yako yote miwili kwamba haina sigara, ndipo usalimiwe. Na mimi alinikataza kupiga magoti ndani ya chumba, maana meza za betri zilikuwa fupi, na mwanamke wa Kisukuma anapopiga magoti kumsalimia mtu mzima, uso wake ungekuwa sawasawa na vifuniko vya betri.

Mwaka ule nilipata sifa mbaya mpaka sokoni. Mama Kabula hana adabu. Mama Kabula hasalimii wazee, anawatazama mikono. Mzee mmoja wa mizani aliniuliza, "Mayu," yaani mama, "mimi ni mwizi?" Nikamwambia, "Sijui, baba, lakini sigara hiyo izime." Mwanzoni niliona haya, baadaye nikazoea, na baada ya hapo, nisiwafiche, nikaanza kufurahia.

Fundi Velji alipoondoka kwenda kukaa na mwanawe Mwanza, aliniachia funguo, sweta lake na kipimo cha asidi, lile bomba la kioo lenye kielea ndani. Nikapewa msaidizi, Shija, mtu mzima mwenye watoto wanne, mwenyeji wa Kishapu. Alikuwa na mkono mtulivu na moyo mpole. Upole ule ulinitia wasiwasi. Siku moja alikuja mnunuzi wa dhahabu kutoka Rwamgasa, miwani myeusi, viatu vya ngozi, akitaka tumpe asidi.

"Mama, nina mawe yangu, nataka kuyajaribu. Nipe kachupa tu, tutakumbukana."

"Hii haijaribu dhahabu," nikamwambia. "Itajaribu vidole vyako."

Alipoondoka nikamkuta Shija ameshatafuta kachupa. "Aliniamkia vizuri," akajitetea. Ndivyo alivyokuwa Shija.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu.

Fomeni wa ghala la marobota alikuwa baba mkwe wangu, baba mzazi wa mume wangu. Alikuwa mtu wa haki, asiyepaza sauti, na ndiye aliyemshawishi mwanawe aniruhusu kufanya kazi. Kwetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe, hasimami anapopita, habishani naye. Na mzee huyo alivuta sigara. Ghalani hakuwahi kuvuta hata moja. Alitembea uwanja mzima na sigara yake haijawashwa, na akikaribia chumba changu, penye saruji, anaiwasha.

Nilimzuia mlinzi, nilimzuia mhasibu, nilimzuia dereva wa meneja. Yeye sikumzuia. Nilimwambia Shija afungue madirisha yote kila anapomwona anakuja, na nikajiambia hilo linatosha. Halikutosha, na nililijua tangu mwanzo.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa nane, upepo unapiga vumbi, Shija amerudishia dirisha moja kwa sababu mchanga ulikuwa unaingia kwenye betri. Alikuwa amezima chaja na kufungua vifuniko apime asidi. Mimi nilikuwa nje kwenye pipa nachota maji. Baba mkwe akaja. Sigara ilikuwa inawaka mkononi mwake wa kulia. Nikaiona. Nikaweka kopo chini, nikapiga magoti.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Matrekta mangapi yako tayari?"

"Shija anapima, baba."

Akapita. Nilimsikia akimwuliza Shija swali lilelile, nadhani aliinama aone. Kisha mlio mmoja mkavu, kama bati limepigwa rungu, na Shija akapiga ukelele.

Nilimtoa kwa kumvuta ovaroli. Nilimlaza kando ya pipa nikammwagia maji machoni, kopo juu ya kopo, nikimlazimisha afungue kope kwa vidole vyangu, naye ananipiga kwa maumivu. Gari likaja. Dereva alipiga honi tuondoke, nikamwambia apige mpaka betri yake iishe, mimi sijamaliza. Pipa lilipobaki robo ndipo nikamwachia. Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilikuwa limekwenda kabla sijafika mlangoni.

Baba mkwe alikuwa amesimama ukutani, nyusi zimeungua, kipande cha sigara bado kipo kati ya vidole. Alikitupa, akakikanyaga, akaondoka.

Siku ya pili meneja aliniita. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema Shija aliweka spana juu ya vichwa viwili vya betri kwa uzembe wake, na kwamba hapakuwa na mtu mwingine chumbani.

"Weka sahihi hapo chini," meneja akasema. "Wewe ndiye shahidi."

"Fomeni hakuwepo?"

"Fomeni alikuwa ghalani."

"Nani amesema?"

"Karatasi inasema."

Nikamwambia basi karatasi iweke sahihi yenyewe. Akanitazama, akacheka kidogo, akanikumbusha kwamba mwenye dhamana ya chumba kile ni mimi, na kwamba kama si uzembe wa Shija itakuwa uzembe wangu. Alisema bila hasira, na alikuwa anasema kweli. Shauri likapelekwa kwenye kamati ya wafanyakazi. Shija akionekana mzembe, anafukuzwa kazi na jicho lake moja.

Nilikwenda hospitali kumwona. Kichwa chote kilikuwa bendeji.

"Sema nani aliingia," nikamwambia.

"Mimi sikuona mtu."

"Alikuwa amesimama mbele yako, Shija!"

"Mama Kabula, ningemwambiaje mzee yule azime sigara? Ndiyo sasa nikamshitaki?"

"Watakufukuza."

"Nitalima."

Nilitoka pale nalia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Shija alikuwa msaidizi wangu. Kama mimi mwenye mlango nilipiga magoti, yeye angefanyaje?

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akaniuliza, "Ukimtaja baba mbele za watu, utalala wapi?"

"Kitandani kwangu," nikamjibu.

Usiku ule nililala kitandani kwangu, ingawa yeye alikwenda kulala kwa kaka yake.

Kamati ilikaa kantini, meza mbili zimeunganishwa, akina mama wa jikoni wanapita na birika ili wasikie. Shija aliletwa kwa gari. Baba mkwe alikaa pembeni, kofia magotini. Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutoka Ushetu, aliyekulia kwenye tumbaku, mkavu na mwenye haraka. Meneja alisoma karatasi yake. Shija aliulizwa, akarudia kwamba hakuona mtu. Nikaitwa mimi.

Nilisimama. Nikasema nilikuwa kwenye pipa, mtu akaja na sigara inayowaka mkono wa kulia, nikapiga magoti, nikamsalimia, akaitika, akaingia, betri ikalipuka. Nikasema sikumzuia, na kosa hilo ni langu, waliandike kwa herufi kubwa wakitaka. Lakini spana ya Shija ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake, na mpaka leo ingalipo.

"Mtu huyo ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ni baba mkwe wangu."

"Karani hawezi kuandika baba mkwe. Nataka jina."

Mama mmoja aliweka birika chini. Nilikuwa nimekaa katika ukoo ule miaka mingi na ulimi wangu haukuwahi kulitamka jina lile, hata nikiwa peke yangu shambani. Nilimtazama Shija, bendeji imelowa upande wa kushoto.

"Masanja Luhende," nikasema.

"Sijasikia," karani akasema. Wallahi, kati ya watu wote niliowahi kufanya nao kazi, yule karani sijamsamehe.

"Masanja Luhende! Fomeni wa ghala."

Meneja aliinuka haraka. "Mama Kabula, una uchovu. Tunaweza kuifuta kauli hiyo, hakuna ubaya."

"Mimi sifuti."

"Fikiria nyumba yako."

"Nimeshafikiria. Andika."

Mwenyekiti akamgeukia mzee. Angeweza kukana. Neno lake dhidi ya langu, fomeni na mwanamke wa betri, pale kantini hakuna ambaye angenichagua mimi, na Shija angemsaidia kwa ukimya wake. Mzee alisimama polepole, kofia mkononi.

"Sigara ilikuwa yangu," akasema. "Niliona pale hakuna pamba. Huyu mtu hakushika spana. Andikeni hivyo."

Kisha akaongea kwa Kisukuma, bila kunitazama, na maneno yake nitayatia hapa kwa Kiswahili. Alisema kuanzia siku hiyo nisimwite baba.

Shija hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo ya vipuri, na wengi wenu mmehudumiwa naye, hajawahi kumpa mtu nati isiyo yake. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kumruhusu mvutaji kuingia. Niliistahili. Nimeitunza kwenye bahasha, na ndiyo karatasi pekee ya kazini ninayoweza kuwaonyesha bila kuona haya. Mume wangu alirudi baada ya wiki tatu. Baba mkwe aliacha kazi msimu ulipokwisha, akarudi kijijini kwake.

Tangu siku ile hakuna aliyepita mlango wangu na moto. Mkubwa mmoja alitutembelea kutoka mkoani, msafara mrefu, kiko mdomoni, meneja anatokwa jasho nyuma yake. Nilinyoosha mkono mlangoni nikamwambia kiko kibaki nje, na yeye kama ataona vigumu kutengana nacho abaki nacho. Alicheka, akakizima. Meneja ndiye hakucheka. Nawaambia nyinyi mlioshika funguo sasa: mtaitwa wajeuri, na wapo watakaowaambia kwamba mnazuia kazi. Waacheni waseme. Anayekuja na moto asipewe salamu, awe mkubwa wa kazi au mkubwa wa nyumbani, na hasa wa nyumbani.

Mzee alifariki miaka kadhaa baadaye. Wifi zangu walituma mtu kuniambia nisifike. Nilivaa khanga nyeusi nikafika. Wakamwana wa boma lile walikuwa wamekaa upande wa jikoni, na hakuna aliyejisogeza anipishe. Nikatandika khanga yangu juani, nikakaa.

Mama mkwe akaja, amebeba fimbo ya marehemu.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuja kumzika baba."

"Alikukataza kumwita hivyo."

"Alinikataza akiwa hai, mama, na nilimtii. Leo namwita."

Alinitazama mpaka nikadhani atanipiga na fimbo ile. Hakunipiga. Wanawake walipoinuka kwenda kuchota maji ya msiba nilichukua ndoo nikafuatana nao, na kaburini nililia kwa sauti kuliko binti zake, kwa sababu nilimpenda mzee yule. Na kama angeinuka palepale akaja mlangoni kwangu na sigara inayowaka, ningemzuia.